Kituo cha baba yangu kinafutwa

Leo Jumamosi, miaka thelathini na minane tangu ukame ututoe Singida, nimebishana na kompyuta. Imenishinda.

Mjukuu wangu Neema, ambaye kazi imempeleka kule, anapanga upya njia za mabasi ya mjini. Mchana alinipigia simu ya video akanionyesha ramani yenye nukta. Kila nukta ni abiria aliyepanda au kushuka.

Kituo kimoja hakikuwa na nukta hata moja: Kwa Njiku.

Njiku ni baba yangu. Aliweka mtungi wa maji barabarani kwa wanaosubiri gari, na makondakta wakapaita kwa jina lake.

"Tunakiondoa, babu. Na jina litatoka kwenye ramani."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia takwimu zake zina makosa, pale watu wanashuka tangu zamani.

"Akina nani, babu?"

Nikaanza kutaja. Shangazi, marehemu. Kaka yangu, yuko Mwanza. Majirani wote walihamia kwenye barabara ya lami.

Orodha ikaishia hapo. Neema, mtoto mwenye adabu, akajifanya mtandao unasumbua.

Kisha akanitania: "Basi njoo wewe, mume wangu. Ukishuka pale hata mara moja, nitakitetea kikaoni."

Ninyi mngemjibu nini? Semeni kweli.

Mimi niliyatazama magoti yangu, nikamwambia apeleke basi waliko watu.

Sitarudi Singida.