Pazia Lililopanda Lenyewe

Lukumani alikuwa na mikono ya kutengeneza kila kitu na masikio ya kusikia nusu. Mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, alitakiwa Ipole akaendeshe mashine ya kusaga ya kijiji cha ujamaa. Mama yake, Bi Kuluthumu, akakataa katakata kuhama. Akabaki peke yake Tabora mjini, katika nyumba ya udongo aliyoijenga babu yake mpagazi kando ya njia ya zamani ya misafara. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umekufa ganzi tangu mwaka uliotangulia. Kule Ipole Lukumani alikuwa na wasiwasi mmoja tu: mama akipatwa na jambo, nani atajua?

Aliyekuwa akijua ni jirani. Eustadia, mama yake Anton, Mkatoliki mwenye miguu mepesi na maneno machache, alikuja kila asubuhi kulikunja pazia la matete lililoziba dirisha la mbele, maana mbao za dirisha zilikwishaliwa na mchwa. Mtaa ule ndivyo ulivyochungana. Dirisha la mzee lisipofunguka mpaka jua limepanda, mtu hupiga hodi. Likifunguka, watu hupita na salamu zao.

Lukumani hakuona hilo. Aliona fadhila tu. Mama Anton anachelewa foleni ya sukari kwa ajili ya pazia letu, alisema, aibu gani hii. Akapata mota ya cherehani ya umeme kwa fundi nguo aliyekuwa anahama mji. Akaifunga juu ya dirisha, akaiunga na mnyororo na gia za baiskeli ili isiende mbio. Akateremsha saa ya ukutani ya marehemu baba yake, ile inayojazwa mara moja kwa wiki, akaitoa kioo, akaweka kipande cha waya wa shaba pale mkono mfupi unapofika saa moja. Mkono ukigusa waya, mota inavuma, pazia linajikunja mpaka juu na kujizima. Saa moja jioni mkono unagusa tena, pazia linashuka.

Alihangaika Jumamosi tatu, kila alipokuja mjini kwa lori la tumbaku. Ya kwanza pazia liling'oa misumari. Ya pili mnyororo ulichomoka ukatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Ya tatu likapanda taratibu, kwa heshima zake, na watu wakasimama nje kutazama. Bi Kuluthumu alikaa kitandani, hakusifu.

"Sasa Eustadia hatakuja," alisema.

"Hana haja ya kuja, mama. Tumempumzisha."

"Umempumzisha yeye. Mimi asubuhi nizungumze na nani, na mnyororo wa baiskeli?"

Lukumani alicheka. Mama akimwomba kitu mwanawe wa kiume kwa mzaha, basi kwa mwana ni mzaha tu.

Miezi miwili ikapita. Mama Anton akazoea. Akipita, pazia liko juu, anaita salamu, anaitikiwa, anakwenda zake dukani. Siku asipoitikiwa hujisemea kwamba bibi yuko uani.

Kisha Alhamisi moja umeme ukakatika mji mzima. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita, pazia liko chini. Mama Anton akatua kikapu, akapiga hodi mara tatu, akausukuma mlango. Bi Kuluthumu alikuwa sakafuni, mdomo umekwenda upande, kanga imelowa, anapumua kwa mbali. Walimpakia kwenye mkokoteni kumpeleka hospitali ya Kitete. Hakufika.

Walimzika alasiri ya siku hiyohiyo. Lori la Lukumani lilikwama kwenye tope la masika, akafika Ijumaa jioni, udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Jumamosi alfajiri, siku ya tatu ya matanga, alikaa mkekani karibu na Mama Anton.

"Alianguka lini?"

"Jumatatu aliniitikia. Jumanne nikaita, kimya."

"Hukuingia?"

"Pazia lilikuwa juu, Lukumani."

"Na Jumatano?"

"Jumatano pia. Lilipanda vizuri tu."

Hakulisema kwa lawama. Angelaumu, Lukumani angepata la kujibu.

Umeme ulikuwa umerudi usiku, na hakuna aliyekuwa na habari na saa ile ukutani. Mkono mfupi ukafika mahali pake. Mota ikavuma. Wanawake wa matangani wakanyanyua vichwa, na pazia likapanda mbele yao, tete kwa tete, mpaka mwanga ukaangukia kitanda kilichotandikwa vizuri, kisicho na mtu.

Nje alikuwa akipita mwanamke na mzigo wa kuni, mtu wa mbali asiyejua msiba. Akaliona dirisha limefunguka.

"Shikamoo, bi mkubwa!"

Mwanamke akangoja kidogo, akaita tena. Lukumani akainuka, akang'oa ule waya wa shaba, akalishusha pazia kwa mikono yake. Kutoka nje kumwambia yule mwanamke hakuweza. Alitoka Mama Anton.