Binti Aliyeikariri Chati Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Kaloleni, Daktari wa Macho alinikabidhi chati ya herufi na kamba ya mita sita. "Mtoto asimame hapa, wenzake wangoje nje," akasema. "Wakimsikia watakariri, nawe utawaandika wazima." Mimi mwenyewe nilivaa miwani mizito, na baba yangu alikufa haoni.

Nilizunguka shule kuanzia Pumwani hadi Makadara nikitafuta watoto wasioona mbali. Jicho la namna hiyo limerefuka, kwa hiyo picha ya ubao hutua kabla ya kufika kwenye pazia la nyuma ya jicho, linalopokea picha. Likirefuka mno, pazia huweza kuchanika na mtu akapofuka. Nilishangaa kwamba wengi wao walikuwa wale wa kwanza darasani. Nikamuuliza Daktari: ni damu au ni vitabu?

"Vyote viwili, bwana. Damu ya wazazi humpa mtoto jicho jepesi kurefuka. Miaka ya kuinamia vitabu, bila kutoka nje mchana, hulirefusha."

Weh! Niliogopa kweli. Binti yangu Nekesa alikuwa darasa la nne, na kitabu hakikumtoka mkononi. Nilimwambia wazi: "Siku ukianza kuona ukungu, vitabu navifungia sandukuni." Kila Jumapili baada ya kanisa nilimpima kwa chati niliyoitundika sebuleni. Alisoma hadi mstari wa mwisho bila kukosea, nami nikamshukuru Mungu.

"Baba Nekesa, utamtoa mtoto macho kwa kumpima," mke wangu alinicheka.

Alipofika darasa la saba tukaletewa chati mpya kazini, nikaja nayo nyumbani, nikaitundika. Nekesa akasimama, akasoma harakaharaka herufi za ile ya zamani, zote, kwa mpangilio wake. Mimi, mpima macho, nilikuwa nimetundika majibu sebuleni kwangu!

"Tangu lini?"

"Tangu la tano, Baba. Ubaoni sioni kitu. Rafiki yangu hunisomea."

Kesho yake nikampeleka kwa Daktari, akapata miwani. Nekesa sikumuuliza kwa nini alinificha, maana nililiogopa jibu.

Sasa nimestaafu. Wazazi wakija kuniuliza kama wawanyime watoto vitabu, nawaambia wasithubutu: wawatoe nje mchana, wawapime mapema, wawavishe miwani. Nekesa ni mwalimu, na bado moyo hunidunda akisema jicho linamuuma. Juzi ndipo nilipothubutu kumuuliza kama hakuogopa kupofuka kama babu yake.

"Niliogopa sana, Baba," akasema. "Lakini wewe nilikuogopa zaidi."