Nilichagua wood 3 ili mpira ufike mbali, ukamvunja mkono mama wa Chovae

Salaam wakuu.

Kuna mwenzetu aliuliza humu achukue wood 3 au wood 5. Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja nikashindwa. Haya yamenitokea mwenyewe, na sitayapunguza ili nionekane mwema.

Kwa wasiocheza gofu: hizi ni fimbo za kupigia, na wood 3 inapeleka mpira mbali, ila ukikosea kidogo, mpira unapotea kabisa. Wood 5 haifiki mbali hivyo, lakini mpira unapanda na kwenda ulikolenga.

Kocha aliniambia ninunue 5. Nikanunua 3, kwa sababu wenzangu wa ofisini walikuwa wananicheka kwamba mipira yangu haifiki.

Uwanja wetu upo upande wa Mombasa, siutaji jina. Kwenye hole moja, kulia kuna seng'enge, na nyuma yake vibanda vya makuti. Nilijua wanakaa watu. Sikuwahi kuuliza ni akina nani.

Siku hiyo nacheza na bosi wangu. Nikaipiga wood 3 kwa nguvu zote. Mpira ukakata kulia, ukavuka seng'enge. Tukasikia mtu akiguta kwa maumivu.

Nikaenda. Mama mmoja mzee alikuwa amekaa mkekani, ukili umetawanyika miguuni, mkono wa kulia kauficha ndani ya leso. Kabla sijasema kitu akamwambia binti yake, "Mchu wa mpira kaya. Mpe mpira wake."

Kisha akanigeukia mimi. "Tuwie radhi, bwana."

Yeye ndiye aliyepigwa, na yeye ndiye aliyeomba radhi.

Wakuu, "mchu kaya", yaani mtu kaja, ni maneno ya kwetu. Mimi ni Mbajuni, nimezaliwa Kismayo, Somalia. Vita vilipoingia mama alinibeba mgongoni, tukakimbilia Kenya. Yule mama nilimwelewa kila neno. Nikasema "asante" kwa Kiswahili changu cha ofisini, nikachukua mpira, nikarudi.

Bosi akasema, "Hao wamezoea. Cheza."

Nikaazima wood 5 yake. Mpira ukanyooka hadi katikati ya fairway, ile njia ya majani mafupi. Nikafurahi. Nilifurahi kabisa, na ule mkono nilikuwa nimeuona ukifichwa.

Nilipoufikia mpira, nikamrudishia bosi fimbo yake. Nikamwambia bosi naondoka. Nikarudi kule vibandani.

Kumshawishi yule mama twende kliniki ilikuwa kazi. Hana kitambulisho, aliogopa kukamatwa. Pale dirishani wakauliza mgonjwa ni nani wangu. Nikasema, "Mama yangu."

Tulipokaa kwenye benchi akaniuliza pole pole, "Mbona umesema mama yako?"

"Mimi wa Kismayo. Mama yangu ni wa Chula."

Akanitazama. Yeye anaitwa Bi Mwanaesha, wa Chovae, kisiwa cha Wabajuni kama Chula.

"Kule walitupiga risasi tukiingia chomboni," akasema. "Haikunipata hata moja. Nimekuja kupatwa na mtezo wako wa mpira, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Plasta ilishatolewa, lakini vidole havikunjiki vizuri, na riziki yake ilikuwa kusuka mikeka. Sasa binti anasuka, yeye anaelekeza. Huwa naenda kukaa nao. Kibajuni changu kinakwama, yeye anakirekebisha bila kucheka.

Ndugu uliyeuliza, chukua 5. Umbali utakuja ukishajua kunyoosha. Na kabla hujapiga, uliza mpira ukipotea utamwangukia nani.

Mama yangu amesikia kuna mtu wa Chovae hapa Mombasa. Anataka nimpeleke wakakumbushane ya kwetu. Kila Ijumaa natoa udhuru, kwa sababu akishamsalimia tu, atamuuliza mkono umefanya nini.

Semeni wakuu, hata mkinisema vibaya nitasoma. Anayejua namna ya kumwambia mama jambo kama hili, anisaidie.