Radhi Iliyoombwa Barazani

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la saba. Nikaajiriwa tarishi katika kampuni ya bima upande wa Mbaraki, ili wadogo zangu watatu wasome. Miaka ya tisini ilipoanza nikapandishwa, nikapewa meza kwenye kitengo cha marejesho. Kampuni ikishamlipa mteja fidia ya gari lake, sisi tulimtafuta aliyeligonga arudishe gharama ile.

Meneja alitupima kwa mafaili. Kila mwisho wa mwezi aliangalia, katika madai yaliyolipwa, ni mangapi yamerejeshewa fedha. Lori lililobomoa gari zima lilikuwa faili moja. Mkokoteni uliokwaruza mlango, faili moja vilevile. Wenye malori walikuwa na mawakili. Basi tukawaandama wa mikokoteni.

Mmoja wao, mtu wa makamo wa Majengo, alilikwaruza gari la jirani yangu katika kichochoro cha Kibokoni. Siku ya pili alikuja na mzee wa mtaa wake kuomba radhi, kama ilivyo desturi. Nami nilikuwepo barazani kwa jirani.

"Niwie radhi, bwana. Kosa ni langu."

"Lako peke yako? Na mimi niliyeliacha gari katikati ya njia kama njia ya babangu, je?" Jirani akacheka. "Yamekwisha. Haya, kahawa hiyo."

Wakanywa, wakapeana mikono.

Jirani alikuwa na bima kwetu; kampuni ikamlipa, na faili likaja mezani kwangu bila shahidi. Mwezi ule tulikuwa tumerejesha machache, na meneja alishasema kitengo kitapunguzwa watu. Nikaandika kwamba mwenye mkokoteni amekiri kosa mbele za watu, na mimi nilisikia. Habari ya gari kuachwa njiani sikuiandika.

Alilipa kwa kuuza mkokoteni. Alipoleta fedha hakugomba.

"Nilidhani nimesamehewa."

"Umesamehewa na yeye, si na kampuni," nikamjibu, maneno ya meneja hayo.

Jirani alipopata habari aliniita. "Mtu kanywa kahawa yangu, weye ukenda kumshitaki kwayo?"

Kazi nilibaki nayo, wadogo zangu wakamaliza shule, na hilo silijutii. Ninajutia sentensi ile moja niliyoiacha. Mpaka leo, watu wakija kupatana kwenye baraza ile, hunyamaza kwanza hadi nipite.