Picha ya Aliyetangulia

Watu wanaomwona dada yangu Joëlle akipita na mkoba wake wa kompyuta wanadhani anachapa barua za watu. Alisoma Lubumbashi, akarudi Likasi, akapanga vitu vyake chumba cha nyuma kwangu, na kazi yake ni kurekebisha kiini cha mfumo wa kompyuta, ile programu ya chini kabisa inayozigawia programu nyingine zamu na nafasi. Kiini hicho hutumiwa dunia nzima, na mwenye ujuzi yeyote anaweza kutuma marekebisho. Bure! Mimi, Lambert, kaka yake mkubwa, yaya kama anavyoniita, nilikuwa nikimwambia kwamba kazi isiyo na mshahara ni ugonjwa.

Mwezi ule alikuwa akisaka kosa moja tu. Umeme ukiyumba na kompyuta ikipunguza mwendo, kipande cha picha moja kilijitokeza ndani ya picha nyingine. Alinieleza tukiwa tunakula, vidole vyetu vyote kwenye bukari moja, ugali wetu wa kila siku. Kila picha, alisema, huwekwa kwenye sahani yake ndani ya kompyuta, na programu mbili huichangia. Moja ikidhani mwenzake ameshiba, huiondoa na kumpakulia mgeni mwingine, kumbe mkono wa mwenzake bado umo.

"Kwetu sahani haitoke mpaka wa mwisho ananawa mikono," akasema. "Mule ndani hakuna mwenye anangoja, yaya."

"Kula, bukari inapola," nikamjibu.

Wenzake wa ng'ambo walimwandikia kwamba kwao kosa hilo halionekani. Bila shaka! Kwao umeme hauchezi.

Basi mke wangu Angèle, baada ya miaka mingi ya kungoja, alishika mimba. Ilikuwa bado changa, mtoto hajaanza kucheza, tulipokwenda kliniki kumpima kwa ile mashine ya kuonyesha mtoto tumboni. Umeme ulikuwa ukija na kuondoka asubuhi nzima, na kliniki ile ina desturi yake: umeme ukirudi, mama mmoja hajashuka vizuri kitandani, mwingine ameshapanda, na picha za wa kwanza bado zinahifadhiwa. Nesi hupiga picha tu. Daktari huzisoma kwenye kompyuta ya chumba cha pili, na mashine zote hizo zinatumia kile kiini anachorekebisha Joëlle.

Daktari akasoma za Angèle, akavua miwani. Moyo wa mtoto haupigi, akasema. Turudi kesho wamtoe.

Angèle hakulia, alishika tu ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Nikampigia simu Joëlle aje tumpeleke nyumbani.

Joëlle alimkumbatia wifi yake, kisha akaomba kuiona ile picha. Alipoiona akaganda. Chini yake palikuwa na ukanda mwembamba usiolingana na sehemu nyingine.

"Docteur, hii picha haiko ya Angèle yote," akasema. "Batu mbili banakulia sahani moja. Muzime mashini yote, mumupime tena yeye peke yake."

Nilitaka kumzaba kofi. Namlilia mwanangu, yeye ananiletea habari za sahani! Lakini daktari aliutazama ukanda ule, akasema, "Tufanye."

Wakazima, wakawasha, chumbani hakuna mama mwingine. Na pale kwenye kioo kitu kidogo kama punje ya haragwe kikawa kinapiga, kinapiga.

"Yezu wangu! Iko muzima!" nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Ndipo Angèle akalia.

Joëlle hakucheka. Alimgeukia nesi.

"Mama, nani alilala pa kitanda kabla ya Angèle?"

Nesi akaketi taratibu. "Georgette."

Georgette tunaimba naye kwaya. Asubuhi ile daktari alimwonyesha moyo unaopiga vizuri, akatoka pale anaimba. Kumbe picha zao zilikuwa zimebadilishana: ule moyo ulikuwa wa mwanangu.

Daktari na Joëlle wakaenda kwake, nami nikawafuata. Alitufungulia mlango akiwa na kitenge kipya begani.

"Eh, munakuya bengi! Na Angèle, balimuambia nini?"

Daktari akamweleza yote, akamwomba arudi apimwe upya. Georgette alikikunja kitenge, akakikunja tena. Kisha akaniangalia mimi.

"Ba Lambert, mushukuru Mungu," akasema, akaenda kutafuta viatu vyake. Alipopimwa, ikawa kama tulivyoogopa.

Joëlle alijifungia chumbani akaandika kufuli lake: kiini kihesabu mikono iliyo sahanini, na sahani isiondoke kabla ya mkono wa mwisho. Akawaonyesha wale wa ng'ambo namna ya kuzichelewesha mashine zao kama umeme wetu unavyofanya. Wakaliona kosa kwa macho yao. Marekebisho yakapokewa.

Chini ya marekebisho huandikwa jina la aliyelifichua kosa. Nilidhani Joëlle ataweka lake. Badala yake akaenda kumwomba Georgette ruhusa ya kuandika jina la Georgette, nami nikakasirika njia nzima: mtu amefiwa, unamfuata na mambo ya kompyuta?

Georgette alitukaribisha ndani, akatusikiliza hadi mwisho.

"Andika," akasema. "Ile moyo, mimi ndo niliiona. Mpaka muchana ilikuwa yangu."