Kizingiti Kitupu cha Thaiyal

Thaiyal na mimi tunatazamana milango, uchochoro wa nyuma ya hekalu hapa Kumbakonam, kusini mwa India, na mwaka wa tisa huu hatusemeshani. Sababu naisema mapema, mtu asije akanihubiria.

Siku mume wangu amelazwa ndani hajatolewa, uchochoro mzima ulijizuia kuchora ile michoro ya unga tunayoichora kila asubuhi vizingitini. Kwenye msiba hakuna mwanamke anayemwaga unga mlangoni mpaka maiti apite. Thaiyal alichora. Unga wa mchele mweupe pee, nukta kwa nukta, mstari ukazunguka, na maua ya maboga kayachora pembeni. Waliombeba mume wangu waliuruka mchoro ule kama wanaruka mtaro. Nilipomwuliza, akanijibu, "Dada, leo Kathir anakuja. Nitampokeaje mwanangu kwa mlango mtupu?"

Sikumjibu. Sijamjibu mpaka leo.

Kathir ni mwanawe, hana mwingine. Mume alikwenda Singapore kubeba zege, akapata huko mke mwenye meno mazuri, basi. Akabaki Thaiyal na mtoto na kopo la unga. Kabla kunguru hawajaamka anafagia, ananyunyiza maji ya kinyesi cha ng'ombe kutakasa mlango, anainama kutoka kiunoni bila kupiga goti, anachora. Hajawahi kurudia mchoro. Ikifika saa sita mchana hakuna kitu: chungu wamekula, shomoro wamekula, baiskeli zimemaliza. Ndivyo inavyotakiwa. Kesho unafagia, unaanza upya. Mlango wenye unga, mwenyewe ameamka. Mlango mtupu, uliza kulikoni.

Kathir akaenda Chennai kwenye chuo cha uchoraji. Alikuja siku ile ya msiba wangu, akaja tena mara mbili, halafu ikawa simu, halafu simu ya sikukuu tu. Miaka sita mguu wake haukukanyaga hapa.

Mwaka jana akatokea na gari la kukodi, nywele kazifunga nyuma kama mchunga mbuzi. Amechaguliwa, anasema. Maonyesho ya wasanii wapya wa India nzima, watu kumi na wawili, na mmoja atapewa tuzo. Na kazi yake yeye ni nini? Mchoro wa unga anaochora mama yake. Alikuja mikono mitupu kuchukua mkono wa mama.

Thaiyal alimwambia muuza nazi, kwa sauti, ili nisikie: "Akishinda anarudi nyumbani. Ameniahidi. Anafungua chumba cha kazi hapa hapa, chumba cha mbele."

Wiki nzima alikuwa anapaka chokaa hicho chumba cha mbele.

Kathir hakutaka mama akae peke yake huko Chennai. Akaja kwangu. "Shangazi, fuatana naye siku nne. Jicho lako hilo la ukungu, nakupeleka mimi hospitali." Nilikubali kwa ajili ya jicho, wasiseme kwa mapenzi. Kwa saa sita za safari tumekaa kiti cha nyuma, begi katikati.

"Kathir, mwambie mwenzangu asogeze begi," anasema Thaiyal.

"Kathir, mwambie mama yako begi ni lake."

"Jamani," anasema Kathir, "mimi naendesha."

Nilipasuliwa jicho siku ya kwanza, kwa hiyo yaliyobaki niliyaona kwa jicho moja. Lakini niliyaona.

Jumba lile la maonyesho baridi kama kisima. Msanii mmoja kapanga makandambili mia tatu ukutani, mwingine kaweka televisheni inayoonyesha mtu anaosha ukuta, haumalizi. Siku ya pili Thaiyal akapewa chumba kizima, sakafu nyeusi. Alichora tangu asubuhi mpaka jioni, nukta elfu na kitu, mstari mmoja ukazipita zote bila kukatika. Nilimchukia, lakini mkono ule, mungu anaujua. Watu walipiga makofi. Wasimamizi wakauzungushia kamba.

Kesho yake akaja na fagio kwenye mfuko.

"Bibi, hapaguswi," mlinzi akamwambia.

"Ni wa jana."

"Wa jana, wa leo, hauguswi."

Akaitwa Kathir. "Mama, huu unakaa wiki tatu."

"Wiki tatu bila kufagiwa? Nani kafa?"

"Hapa si mlangoni, mama."

"Sasa ni wapi?"

Kathir akaangalia simu yake. Chumbani kwetu Thaiyal aliuambia ukuta, "Hata chungu mmoja hajala. Mle ndani hamna hata chungu."

Siku ya nne ndiyo siku ya waamuzi. Tulifika mapema. Mlinzi alikuwa nje anakunywa chai. Mimi nikakaa kwenye benchi na kitambaa changu cha jicho. Thaiyal akainua kamba, akatoa fagio, akaanza kufagia.

Ningeweza kuita. Sikuita. Nilisema moyoni, wewe uliyechora kwenye msiba wangu, haya, fagia ya mwanao.

Alifagia yote. Kisha akaja mlangoni mwa kile chumba, pale mtu lazima apite, akainama, akachora mdogo, wa kizingiti. Ulipotokea nikasimama. Maua ya maboga. Ule ule wa siku ile, wa kumpokea Kathir. Mwanamke asiyerudia mchoro, huu aliurudia.

Kathir akaingia mbio, akaukanyaga bila kuuona, unga ukabaki kwenye viatu vyake vyeusi.

"Mama! Mama, umefanya nini?"

"Umeingia," Thaiyal akasema. Alikuwa anacheka. "Si umeingia?"

Na waamuzi wako nyuma yake, watu watatu. Mwanamke mmoja wa makamo, shanga za fedha mpaka kitovuni, akatazama sakafu nyeusi, akatazama fagio, akauliza, "Hii ni sehemu ya kazi yako?"

Nilimwona Kathir akimeza mate. Akamtazama mama yake. Akatazama fagio.

"Ndiyo," akasema. "Nilimwagiza. Kazi yenyewe ni kule kufutwa."

Nilikuwa na jicho moja, masikio mawili.

Tuzo akapata yeye. Jioni ile akasimama jukwaani na tuzo yake ya kioo, akashukuru mikono ya wanawake wasiojulikana wa nchi hii. Wasiojulikana! Mama yake kakaa safu ya pili, sari yake ya harusi, na jina analo, Thaiyalnayaki, alipewa na babu yake. Alipiga makofi kuliko wote.

Makofi yalipokwisha akamwendea. "Sasa tunaondoka lini? Chokaa imeshakauka."

"Mama," Kathir akasema, "kwenye tuzo kuna mwaka mmoja Ulaya. Wananipa nyumba na kila kitu. Nikirudi tutaongea."

"Nikirudi," akarudia Thaiyal, kama anaonja kitu. Kesho yake tukapandishwa treni. Begi nikaliweka upande wangu, na hakuna aliyeambiwa kitu.

Alichora mwezi wa kwanza, na wa pili. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, nainua macho kutoka kwenye mchoro wangu, ng'ambo pakavu. Maji hakuna, unga hakuna. Muuza maziwa akasimama, akanitazama. Muuza nazi akaja, naye akanitazama. Mimi! Kama mimi ndiye ndugu yake.

Nikavuka. Mara ya kwanza kwa miaka tisa nakanyaga kwake. Mlango ulikuwa wazi. Thaiyal amekaa chumba cha mbele, kuta nyeupe, nywele kachana, kopo la unga mapajani.

Nikauambia mwimo wa mlango, "Mwenye nyumba aambiwe mtaa unataka kujua kama amekufa."

Naye akaliambia kopo, "Aliyeuliza aambiwe ampigie Kathir. Amwambie mlango mtupu. Hayo tu."

Nikaelewa: mlango ule ulikuwa unamwita mwanawe. Nikatoka nje, nikapiga kwa simu ya mjukuu wangu.

"Kathir, ni shangazi. Mlango wa mama yako uko mtupu."

Akanyamaza. Nikasema moyoni, ameshtuka, atapanda ndege. Kisha akasema, taratibu, "Mtupu kabisa, shangazi? Hebu mtu aupige picha kabla hajachora tena. Sasa hivi, jua halijapanda. Nitaihitaji."

Nilimwambia maneno ambayo, kwa kuwa hekalu liko karibu, siyarudii. Nikakata simu.

Nikarudi ndani. Thaiyal ameinua uso. Macho yake yalikuwa kwangu, si kwenye kopo.

"Kasemaje?"

Wapo ambao wangemdanganya. Mimi sikumdanganya mtu siku ile ya mume wangu wala hii. Nikauambia mwimo neno kwa neno: anataka picha.

Akainuka, akashika fagio, akafagia, akanyunyiza maji, akainama. Alichora nukta nne na mstari mmoja, kama za mtoto anayejifunza. Picha hakuna aliyepiga. Nilihakikisha.

Hatusemeshani mpaka leo, na sijamsamehe. Lakini kila asubuhi nikimaliza wangu nainua macho, jicho hili zima na hili la hospitali, natazama ng'ambo. Nikiona unga, naingia ndani, nafunga mlango.