Kovu la Baba

Juzi, katika studio ya picha huko Cibitoke, mama mmoja alifunua picha kubwa ya marehemu baba yake, mwanajeshi, iliyoandaliwa kwa kumaliza matanga kesho yake. Akaigeuza kwenye mwanga, kisha akagonga meza.

"Apana! Kovu ya hapa shavuni iko wapi?"

"Mama, niliifuta aonekane muzuri," fundi akajitetea.

"Aliipata mu vita! We unamufutia vita yote?"

Afadhali fundi alikuwa bado na picha ya kwanza. Akachapisha upya. Mama akapapasa lile kovu, akashusha pumzi.

"Sasa ndiye papa. Kesho watamujua."

Mimi nilikuwa nimekuja kufutiwa makunyanzi kwenye picha yangu. Nikamwambia fundi ayaache, ingawa niliyapata ofisini.